Chini ya Kuba la Aya Sofia

Ndugu msomaji, yumkini umepata kuingia katika jengo kubwa la kale la ibada ukahisi ghafula kwamba sauti yako imeshuka, bila ya mtu yeyote kukuamrisha uishushe. Hatua zinapungua, mkono unaiweka kofia sawa, na mtoto aliyekuwa akipiga kelele nje anamshika mamake nguo. Hali hiyo Waarabu huiita haiba. Sisi katika lugha yetu tuna neno jingine zuri, nalo ni kicho, na kwa asili hiyo hiyo tumepata mcha Mungu na uchaji. Nataka tukitazame kicho hiki kwa makini, kwa sababu siku hizi Waislamu wengi wa kwetu wanasafiri kuliko walivyosafiri baba zao; na wengi, wakirudi kutoka Hija au Umra, hupitia miji mikubwa ya kale wakaingia misikiti mashuhuri hali ni nusu waumini na nusu watalii. Ni vyema mtu ajue ni kitu gani kilichompata alipoinua macho.

Katika habari hii wa kwanza ninayemkumbuka ni Ibn Battuta, mwana wa Tangier. Mwaka 1331 alifika Kilwa, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa utoaji wake. Msafiri huyu alimshuhudia Sultani akitoka katika sala ya Ijumaa, fakiri mmoja wa Yemen akamzuia njiani na kumwomba nguo alizozivaa. Naye Sultani akarejea, akavaa nyingine, akampa zile. Miaka michache baadaye Ibn Battuta yuyu huyu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa Aya Sofia, katika mji wa Constantinople, ambao Waarabu waliuita Kustantiniya na ambao wazee wetu waliujua kwa jina la Stambuli. Alikuwa amefuatana na msafara wa binti wa Kaisari, aliyeolewa na Uzbek Khan, mfalme Mwislamu wa Watatari. Akaeleza ua wa kanisa lile, marumaru zake na wangoja mlango wake. Ama ndani hakupaeleza, kwa kuwa hakupaona: aliambiwa kwamba kila aingiaye hana budi kuusujudia msalaba, akakataa, akarudi zake.

Basi tazama: mtu aliyezunguka dunia nzima ya Kiislamu, mwenye hamu ya kuona kila kitu, alisimama penye kizingiti cha jengo lililokuwa ajabu ya ulimwengu na hakuingia. Na katika habari za Kilwa, kilichobaki kalamuni mwake zaidi ni ile kanzu aliyopewa fakiri.

Mlango ambao Ibn Battuta hakuuingia uko wazi leo. Mimi niliuingia mwaka 2024, nikiwa pamoja na mke wangu na mwanangu mwenye umri wa miaka 16. Tulikuwa tumetoka Umra, na tiketi zetu zilitupa siku tatu katika mji wa Istanbul kabla ya kurejea nyumbani.

Yafaa kwanza nikueleze jengo lenyewe. Kanisa lililokuwapo mahali pale liliteketea kwa moto katika maasi makubwa ya Januari 532. Kaisari Justinian akaanza kujenga jipya mwaka uo huo, na tarehe 27 Desemba 537 likafunguliwa, yaani zaidi ya miaka 30 kabla ya kuzaliwa Bwana Mtume (S.A.W.). Waliolibuni, Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus, walikuwa mabingwa wa hesabu na maumbo kuliko kuwa mafundi wa mwiko. Kuba lina upana wa mita 31 hivi, na kilele chake kiko yapata mita 55 kutoka sakafuni. Mnazi mrefu wa kwetu, ukitiwa juu yake mwingine kama huo, hauligusi.

Lakini ukubwa pekee haukutoshi kukueleza kilichomo. Ziko ghala za bandarini zilizo kubwa, na hakuna anayeshusha sauti akiingia ghalani. Siri iko katika namna uzito ulivyofichwa. Penye ukingo wa kuba pana madirisha 40 yaliyozunguka pande zote, na jua linapopita humo hufanya pete ya nuru, hata jicho likadhani kwamba kuba halikukaa juu ya ukuta bali linaelea. Chini ya pete hiyo, katika pembe nne, kuta zimepinda na kufura mfano wa matanga yaliyojaa upepo wa kusi. Matanga hayo manne ndiyo yabebayo duara juu ya mraba, na kuupeleka uzito katika nguzo nne nene zilizojitenga kandoni, ambazo mtu hazioni mpaka azitafute. Jicho linatafuta mahali ulipokwenda mzigo ule wote wa matofali na chokaa, na halipaoni. Moyo basi unajua jambo ambalo akili haijalieleza: juu ya kichwa changu kuna kitu kizito mno, na sioni kilichokishika.

Na hofu hiyo si ya bure. Kuba la kwanza lilianguka mwaka 558, baada ya mitetemeko ya ardhi, ikabidi lijengwe jingine lililoinuka zaidi, likamalizika mwaka 562. Sehemu zake zikaanguka tena mwaka 989 na mwaka 1346. Sultani Muhammad al-Fatih alipouteka mji tarehe 29 Mei 1453, akalifanya msikiti, alikuta jengo lenye umri wa zaidi ya miaka 900 na nyufa zake. Likawa msikiti kwa muda wa karibu miaka 480. Baraza la mawaziri la Uturuki likakata shauri mnamo Novemba 1934 lifanywe jumba la makumbusho, likafunguliwa hivyo mwaka 1935. Tarehe 10 Julai 2020 mahakama kuu ya serikali ikaitangua hukumu hiyo, na Ijumaa ya tarehe 24 mwezi huo ikasaliwa humo. Tangu Januari 2024 watalii wa kigeni huingia kwa mlango wao, wakalipa yuro 25 na kupandishwa ghorofa ya juu; chini, penye mazulia, ni pa wenye kusali.

Sisi tuliingia kwa mlango wa wenye kusali, wakati wa alasiri. Mwanangu alivua viatu, akapiga hatua kumi au kumi na mbili juu ya zulia, akasimama. Nilimwona akitazama juu, kisha akatazama chini upesi kama aliyekodolewa macho na mtu. Tuliposali na kuketi, aliniuliza kwa sauti ndogo:

“Baba, Makka nililia, na sababu ya kulia kwangu naijua. Hapa moyo umenitetemeka nilipoingia tu, kabla sijasoma wala sijanuia kitu. Nyumba hii hawakuijenga Waislamu. Sasa kule kutetemeka kwangu ni ibada au ni nini?”

Sikumjibu palepale. Nilimwambia, “Mwanangu, hilo ni swali la watu wazima, nipe siku zetu hizi tatu.” Na hayo ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyazungumza katika siku hizo, njiani, mezani na ndani ya misikiti mingine.

Kwanza, kutetemeka kule si aibu. Kicho cha namna hiyo hakimwulizi mtu dini yake. Mwenye kuabudu masanamu akiingizwa Aya Sofia atashusha sauti, na asiyeamini kitu chochote atashusha sauti pia. Nimewaona wazee wa Kizungu wakisimama pale juu, midomo wazi, machozi yakiwalenga, na huenda nyumbani kwao hawajakanyaga kanisani kwa miaka mingi. Mwenyezi Mungu amemuumba mwanadamu hivyo, kwamba akikutana na kilicho kikubwa kumzidi hunyamaza. Hunyamaza mbele ya bahari ya usiku na mbele ya mlima Kilimanjaro mawingu yanapoondoka. Wajenzi wakubwa waliijua tabia hiyo wakaitumia, kama mpiga ngoma anavyojua miguu ya watu.

Wala si haramu kuziheshimu nyumba za ibada za watu wengine. Katika Sura al-Hajj, aya ya 40, Qurani Tukufu imezitaja nyumba za watawa, makanisa na mahekalu ya Mayahudi pamoja na misikiti, katika orodha moja, kuwa ni mahali ambapo jina la Mwenyezi Mungu linatajwa na ambapo Yeye amepalinda pasivunjwe. Na husimuliwa juu ya Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.), alipoingia Baitul Muqaddas, kwamba wakati wa sala ulimkuta ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, askofu akamkaribisha asali humo humo, naye akatoka akasali nje, kwa kuchelea Waislamu wa baadaye wasije wakalinyakua kanisa kwa hoja kwamba Umar alisali hapa. Juu ya mambo ya mwaka 2020 Waislamu na Wakristo wamesema mengi, wengine kwa furaha na wengine kwa majonzi, na mimi sikwenda kule kuwa kadhi baina yao. Ila nitasema kweli: kisa hicho cha Sayyidna Umar kilinijia nikiwa juu ya lile zulia, nikaketi nacho muda mrefu.

Katika siku ile ya kwanza lipo jambo moja aliloliona mwanangu kabla yangu. Alisema, “Baba, tazama safu. Zimekwenda upande.” Nikatazama, na kweli. Aya Sofia ilijengwa kuelekea mashariki kama makanisa yalivyojengwa. Jengo zima, nguzo zake, matao yake na nuru yake, vyote vinakuvuta kwenda mbele kwenye ukuta ule wa mviringo uliokuwa madhabahu, ambako picha ya Bibi Maryamu na mwanawe, iliyofanywa kwa vijiwe vidogo vya rangi na dhahabu, sasa hufunikwa kwa pazia. Lakini kutoka Istanbul kibla kimeinama zaidi upande wa kusini. Basi Waturuki walipoweka mihirabu waliiweka kidogo kuliani, nje ya mstari wa jengo, na safu za maamuma zinakata sakafu kwa mshazari. Jengo linasema huku, watu wanaelekea kule.

Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa kuba. Kwa karne nyingi watu wameingia chini ya kazi hii kubwa ya mikono ya wanadamu, ikawavuta kwa nguvu zake zote, nao wakageuka kidogo, kiasi cha hatua mbili tatu, wakaelekea nyumba ya mawe isiyo na kuba, iliyo mbali nyuma ya bahari na jangwa. Nikamwambia mwanangu, “Kutetemeka kwako ni kule jengo linakokuvuta. Sala yako ilianza ulipougeuza uso.” Akafikiri, akaniambia kwamba alipogeuka bado alikuwa akitetemeka. Sikuwa na la kumwongezea hapo, maana hiyo nayo ni kweli. Mtu haviachi vitu alivyoviona mlangoni pamoja na viatu.

Siku ya pili, mvua ikinyesha, tulikaa katika chumba chetu tukazungumza habari za msikiti wa Madina, alioutoka siku chache nyuma na ambao una marumaru na miavuli mikubwa inayofunguka na kufunga yenyewe. Nilimkumbusha ulivyokuwa wakati wa Mtume (S.A.W.). Ukuta wake ulikuwa wa matofali ya udongo, nguzo zake magogo ya mitende, na paa lake makuti ya mtende. Mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa makuti. Anajua yanavyovuja yakichakaa. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Said al-Khudri (R.A.) juu ya Laylatul Qadr, mvua ilinyesha usiku, paa la msikiti likavuja, na asubuhi Mtume alisujudu katika maji na udongo mpaka athari ya tope ikaonekana katika paji la uso wake. Hapana jengo la ibada, tangu lile la Justinian hata haya ya leo, lililopata kuingiliwa na watu wenye kicho kuwashinda walioinama chini ya makuti yale. Na huko Constantinople, wakati huo huo, Aya Sofia ilikuwa imekwisha simama kwa karibu miaka 90, na dhahabu zake.

Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba Mtume alisali akiwa amevaa nguo yenye mapambo, jicho lake likayatazama mara moja, alipomaliza akaamuru nguo ile apelekewe Abu Jahm na aletewe ya kwake isiyo na mapambo, kwa kuwa ilimshughulisha katika sala. Na Sayyidna Umar alipoamuru Msikiti wa Mtume ujengwe upya, alitaka watu wakingwe na mvua, akaonya dhidi ya rangi nyekundu na ya manjano zisije zikawafitini. Kisha akaja Sayyidna Uthman (R.A.), akaupanua msikiti huo huo kwa mawe yaliyochongwa na kuuezeka kwa mbao za msaji. Wote wawili ni makhalifa waongofu. Kwa hiyo anayesema kila pambo ni upotofu, na anayesema kila fahari ni utukufu wa dini, wote wawili wana la kujibu. Nami naona, na haya ni maoni yangu, kwamba Umar alikuwa akimfikiria mtu anayesali, na Uthman alikuwa akizifikiria nyakati zitakazokuja na umati wake.

Imepokewa vilevile ile hadithi mashuhuri ya kwamba safari hazifungiwi mizigo ila kwenda misikiti mitatu, wa Makka, wa Madina na wa Aqsa. Wanazuoni wengi wameifasiri kuwa hapana msikiti mwingine wenye fadhila makhsusi ya kuendewa kwa nadhiri au kwa kutaraji thawabu iliyozidi, si kwamba Mwislamu asitembee duniani akatazama. Basi kwenda Istanbul hakukuwa ibada. Ulikuwa utalii wa halali, na nilimwambia mwanangu asichanganye daftari hizo mbili.

Msikiti wa Sultani Ahmed, ulio mkabala na Aya Sofia, nitaupita upesi. Ulijengwa baina ya 1609 na 1616, una minara 6, na ndani umepambwa vigae vya Iznik zaidi ya 20,000 vyenye rangi ya samawati. Ni mzuri. Lakini nguzo zake ni nene kama miguu ya tembo, na mtu akiziona tu anajua kinachobeba paa; kicho kikapungua kikabaki kupendezwa. Au labda macho yetu yalikuwa yamekwisha shiba.

Siku ya tatu tulipanda mlima kwenda Suleymaniye. Msikiti huu uliamriwa na Sultani Suleiman, ukajengwa baina ya 1550 na 1557 na Sinan, mjenzi mkuu wa dola, mtu aliyezaliwa katika jamaa ya Kikristo, akachukuliwa ujanani katika utumishi wa Sultani, akasilimu, na akaishika kazi ya ujenzi mkuu kwa karibu nusu karne hata alipofariki mwaka 1588. Kuba lake lina upana wa mita 26 na nusu na kimo cha mita 53. Ni dogo kuliko lile, lakini ukiingia huulizi ni lipi kubwa. Hapa uzito haukufichwa. Nguzo zipo, matao yapo, kila kitu kinaonekana kilipoegemea, na nuru imeenea sawasawa kama ya alfajiri barazani. Kuta nyingi zimeachwa nyeupe. Vigae vimewekwa upande wa kibla tu.

Mke wangu alitoka upande wa wanawake akiwa kimya. Tulipokuwa uani alisema, “Kule nilikuwa nikitazama. Hapa nimesali.” Mwanangu alimtazama mamake kwa namna ambayo hakunitazama mimi kwa siku zote tatu na hadithi zangu zote.

Nataka usahau kidogo lile kuba ukatazame kilichouzunguka msikiti huo. Sinan hakupewa kujenga msikiti tu. Aliuzungushia madrasa, hospitali, hamamu, nyumba ya wasafiri, skuli ya hadithi, na jiko la kuwalisha maskini. Aliyeinama ndani alikuwa karibu na mgonjwa, na mwanafunzi, na mwenye njaa aliyeshika bakuli. Husimuliwa pia kwamba aliipanga njia ya hewa ndani ya msikiti ili moshi wa taa nyingi za mafuta uvutwe katika chumba kilicho juu ya mlango mkuu, kuta zisiharibike, na masizi yaliyokusanywa humo yakafanyiwa wino wa kuandikia. Katika kitovu cha kuba imeandikwa aya ya 41 ya Sura Fatir, ihusuyo kuzishika kwa Mwenyezi Mungu mbingu na ardhi zisiondoke mahali pake. Ama katika kuba la Aya Sofia aya iliyoandikwa ni ya 35 ya Sura an-Nur. Aliyezichagua alijua alichokifanya: kule penye pete ya madirisha, Nuru; na huku, juu ya kichwa cha mjenzi aliyeijua hofu ya kuanguka, Mwenye kushika.

Maana Sinan aliijua hofu hiyo kwa mikono yake. Katika uzee wake yeye ndiye aliyeitwa kuitazama Aya Sofia ilipoelemewa, akaitia magadi mazito ya mawe kwa nje na kuiongezea minara. Ikiwa kuba la Justinian bado limesimama, fungu la shukrani ni la Mwislamu huyo aliyetumia umri wake akishindana nalo. Hakulichukia wala hakulibomoa. Alilisoma, kisha akaliegemeza. Kaburi lake ni dogo, liko pembeni kabisa mwa majengo ya Suleymaniye, penye njia panda, na watalii wengi hulipita wakitafuta chai.

Hapa nitaweka neno kwa vijana wetu, kwani niliyoyaona yalinisikitisha kidogo. Nilimwona kijana Mwislamu akisujudu huku simu yake ameisimamisha mbele, mwenziwe akimwelekeza asogee kushoto ili kuba lionekane nyuma yake. Wengine waliingia, wakazunguka, wakapiga picha 30, wakatoka bila ya kusali rakaa mbili za maamkizi ya msikiti, na hali udhu wanao. Wakati huo huo mtalii mmoja wa Kizungu, mama mtu mzima, alikuwa ameketi kando na kitambaa chake cha kichwa, mikono mapajani, bila ya simu wala kitabu, kwa muda unaopata nusu saa. Sijui alikuwa akiwaza nini. Kamera si haramu, nasi tunayo picha ya mama wa mtoto huyu uani Suleymaniye ambayo imekaa sebuleni. Lakini kicho ni mgeni mwenye haya. Ukimwelekezea kioo usoni huondoka, ukabaki na picha ya paa.

Tulirejea nyumbani, na mwezi Desemba mwaka uo huo, wakati wa likizo ya skuli, nikampeleka mwanangu Kilwa Kisiwani. Hakuwa amepata kufika. Ameona Istanbul kabla ya kuona Kilwa, na nadhani vijana wengi wa kwetu wako hivyo, kwa kuwa jina la ugenini linasikika zaidi. Tulichukua kibali Kilwa Masoko, tukavuka kwa mashua.

Msikiti Mkuu wa Kilwa una sehemu mbili. Ile ya kaskazini ndiyo ya kale, yapata karne ya 11 au ya 12. Ya kusini iliongezwa zama za huyo Abu al-Mawahib, ikatengenezwa tena katika karne ya 15, nayo ina makuba madogo na matao juu ya nguzo, yote kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa papo hapo kisiwani. Wareno waliupiga mji mwaka 1505, na biashara ya dhahabu ya Sofala ikaondoka mikononi mwake. Mwaka 1981 magofu yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kutoka 2004 hata 2014 yalikuwa katika orodha ya yaliyomo hatarini, kisha yakatolewa humo baada ya kutengenezwa. Makuba yale ungeyapanga mengi chini ya lile moja la Aya Sofia. Mwanangu alipita baina ya nguzo akizigusa moja moja. Alisema hapa hatetemeki, ila hawezi kusema kwa sauti. Nikamwonyesha mahali ambapo, kwa kukisia, Sultani angetokea siku ya Ijumaa, na fakiri angesimama kumngoja.

Sehemu ya kaskazini haina paa. Mihirabu yake imeelekea kaskazini, kwani Kilwa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo. Jengo na safu vinaelekea mahali pamoja, hapana mshazari. Adhuhuri ilikuwa imeingia. Yule mzee aliyetutembeza alituuliza kama tuna udhu. Tulikuwa wanne pamoja na nahodha, tukasimama palipo na kivuli chembamba cha ukuta, mzee akatangulia. Chini palikuwa na mchanga na unga wa mawe. Tulipotoa salamu niliona paji la uso la mwanangu limeshika vumbi jeupe la chokaa, naye hakulifuta. Nahodha akatukumbusha kwamba maji yanakupwa, tukashuka pwani.